Kaburi Juu ya Chemchemi

Jeconia alikuwa mbishi, na nalisema hili kama jirani aliyemvumilia miaka mingi. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi hapa Eldoret kilipofungwa, wenzake wa Alego walirudi kwao ziwani. Yeye akabaki na nusu ekari yake bondeni, nyuma ya mtaa wa Pioneer, akiilinda chemchemi iliyokuwa humo. Aliizungushia miti ya kienyeji, akatufukuza tulipokata matete, akamtukana kila aliyefulia karibu. Na bado sote tulichota kwake bure. Maji yale yalikuwa baridi na matamu, sitawadanganya.

Januari ya 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, vijana walikuja na petroli. "Rudini kwenu!" walipiga kelele. Nyumba ya Jeconia ikateketea huku yeye na mkewe Angeline wakikimbilia uwanja wa maonyesho, tulikolala sote kwenye mahema kwa miezi. Tuliporudi, mashamba ya kando yalikuwa yanakatwakatwa kuwa ploti za futi hamsini kwa mia, na nyumba za kupangisha zilibanana hadi ng'ombe akakosa pa kupita.

Sisemi ni ubaya. Watu walihitaji pa kulala, na sisi tuliochomewa tulihitaji zaidi. Lakini ujenzi ulizidi kuteremka bondeni, na Marvin, mwana wa pekee wa Jeconia, alikuwa tayari amepata mnunuzi.

"Mzee, hapo chini si ni maji na pori tu?" alimwambia babake. "Tuuze. Hata ukikataa, siku yako ikifika mimi nitauza."

Maneno hayo yalimchoma Jeconia, maana alijua kijana hatanii.

Kisha Angeline akafa, kwa presha iliyomwanzia kule kambini. Mzee Okello, kaka mkubwa wa Jeconia, akaja kutoka Alego kuchukua mwili. Kwa Wajaluo, mke huzikwa katika boma la mumewe kijijini. Mjini mtu ana nyumba tu ya kulala. Jeconia akakataa. Alisema kaburi litachimbwa hapo hapo, juu kidogo ya chemchemi.

"Nani anazika mtu kwa ploti?" Okello aliuliza, machozi yakimtoka. "Huyu ni mke wetu. Utamwacha hapa na wageni?"

"Ploti iko na kaburi hainunuliwi," Jeconia akajibu. Aliyasema hayo mbele ya waombolezaji wote, bila haya!

Nilimchukia siku ile. Mwanamke aliyemstahimili mtu wa aina hiyo, leo anafanywa jiwe la mpaka. Hata hivyo mpango wake ulifaulu: mnunuzi alikuja, akauona msalaba, akageuza gari. Marvin akahamia Chepkoilel na hakusema na babake tena.

Ila kuna jambo ambalo Jeconia, kwa ubishi wake wote, hakulifikiria. Baada ya mazishi Namalwa, mpangaji aliyekuwa akichota kila asubuhi, alifika na mtungi wake. Akalitazama kaburi, akayatazama maji chini yake, akageuka.

"Niwape watoto maji ya maiti?" aliniuliza.

Sote tukaacha. Wenye uwezo wakachimba visima, wengine wakavuta maji ya mfereji, na chemchemi isiyo na wa kuinywa ikakosa wa kuitetea. Wenye nyumba za juu wakaelekeza maji taka bondeni. Zamani tungewafuata hadi mlangoni na matusi, lakini sasa kila mtu alifunga dirisha lake.

Mvua za Aprili mwaka huu zilikuwa nyingi. Nilimkuta Jeconia na jembe kando ya kaburi. Maji machafu ya majirani yalikuwa yamelizunguka, na udongo umeanza kudidimia upande wa kichwani. Alikuwa anachimba mtaro wa kuyaondoa, na kwa mteremko ule yalikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda.

"Mzee, hayo yataingia kwa chemchemi," nikamwambia.

"Naona."

Akaendelea kuchimba huku analia, mpaka maji meusi yakapata njia, yakateremka kati ya miti yake.