Kihisi cha Noreen na Chipu ya Mfano

Noreen Gagnon hana subira na watu wanaoamini mashine kwa sababu tu ni ghali. Nimekaa naye meza moja miaka kumi na tisa hapa Vermont, tukipima chipu, na amenikera mara nyingi kuliko mke wangu.

Tunapima sakiti zinazoshika mapigo ya saa ndani ya chipu, yaani mdundo wa umeme unaoongoza kazi zake zote. Zikiyashika, simu inasikika. Zikiyapoteza, ni kelele tupu. Mashine ya kuzipima inazidi dola milioni. Noreen akabuni kihisi kidogo kinachokaa ndani ya chipu yenyewe, kinasoma volti inayoongoza mapigo na kutoa jibu moja: nzima au mbovu. Gharama yake ni senti chache. Alikihangaikia miaka miwili, na Jumanne ile wakubwa wangeamua kukipitisha au kukitupa.

Kila asubuhi tunaanza na chipu ya mfano, ile tunayojua ni nzima, na mashine hurekebishwa kwayo. Noreen aliichagua mwenyewe. Jumanne hiyo mashine ikasema nzima, kihisi kikasema mbovu.

"Mama, kitoto chako kimemtukana babu!" Walt, msimamizi wetu, akacheka akiinyooshea kidole chipu ya mfano. "Weka chipu nyingine upesi, wakubwa wanaingia saa nne."

"Nikibadilisha nitajuaje nani mwongo?"

"Kwani nani anakuuliza? Unataka kushinda au kubishana?"

"Hebu nyamaza, Walt. Nipe kile kipasha joto."

Akaipasha polepole. Digrii sitini, sawa. Sabini, sawa. Themanini, mapigo yakapotea. Mashine ilikuwa ikiipima ikiwa baridi tu. Kihisi kilishaona volti imefika ukingoni.

Nikapiga makofi. Yeye hakucheka, nami nikachelewa kuelewa. Kama mfano ni mbovu, basi chipu elfu arobaini zilizomo stoo zilipitishwa kwa kipimo kibovu.

Wakubwa walikipitisha kihisi kabla ya chakula cha mchana. Kwenye fomu ya kuripoti chipu ya mfano, penye chanzo cha kosa, Noreen akaandika jina lake.

"Andika imechakaa, bwana," Walt akanong'ona. "Nani atajua?"

"Haijachakaa. Ilikuwa mbovu siku niliyoichagua. Nilikuwa na haraka, sikuipasha joto."

Nilimwonea huruma, na nikamwonea fahari vilevile. Akavaa kamba yake ya mkononi, ile ya kuzuia umeme tuli usiunguze chipu, akaagiza trei ya kwanza iletwe kutoka stoo ipimwe upya.