Sifa Zisizo na Baraka

Nunziata alishona glavu maisha yake yote huko Napoli. Mwanawe Saverio, Mungu amrehemu, alikuwa nyota wa filamu bubu akiwa na miaka sita tu. Don Ettore, mhakiki wa gazeti, alimsifu mno: macho kama yale hayajapata kuonekana, uso wa malaika, mtoto asiye na mfano. Hakuongeza "Mungu ambariki." Napoli hata mlevi akimsifu mtoto humbariki papo hapo, asije akapatwa na jicho baya. Kabla ya Pasaka, homa ikamchukua Saverio.

Majirani walimwambia Nunziata amwachie Mungu. Alisali, akafunga, akawasha mishumaa, lakini hasira ikabaki palepale.

Jumapili moja, misa ilipokwisha, alimkuta Don Ettore mlangoni pa kanisa amembeba binti yake mchanga.

"Hee, Don Ettore! Kumbe una lulu nyumbani!" alisema, na wote wakasikia. "Tazameni macho hayo! Mashavu hayo! Malaika mtupu, hana mfano!"

Wanawake wakasubiri baraka. Don Ettore akamfunika mtoto kwa koti lake.

"Malizia, mama," alinong'ona. "Sema Mungu ambariki."

"Kumbe na msomi kama wewe unaamini maneno ya vichochoroni?"

"Nakusihi, Donna Nunziata. Sina mwingine."

"Na mimi nilikuwa na wangapi?"

Akajitanda shela yake nyeusi, akashuka ngazi. Nyuma yake wanawake walianza kumbariki mtoto, mmoja baada ya mwingine, lakini Don Ettore aliendelea kumwita yeye tu.