Fahali Aliyegeuka Langoni

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa kuni, kwetu Shinyalu mchezo ulikuwa mmoja tu: fahali. Mpira ulikuwa wa wavulana wa shule, lakini fahali walipopigana, hata wagonjwa walitoka nyumbani. Wa kwetu aliitwa Refa, kwa kuwa alimaliza mechi mapema. Baba alimlisha kwa mkono wake mwenyewe, na sisi wasichana hatukuruhusiwa kukaribia zizi lake.

Baada ya Refa, aliyeheshimiwa zaidi pale nyumbani ni Shivachi, mdogo wake baba. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akiketi tu, akifikiri, huku watu wakimpita kwa adabu kana kwamba yuko kazini. Nilimpenda kwa hilo. Ukimwambia jambo alikuuliza, "Sababu?" Mpaka leo, ninapoandika habari za ukoo wetu, hujiuliza vivyo hivyo.

Asubuhi ile ngoma za isukuti zilikuwa zinalia nje ya lango na vijana wanapiga mbinja. Baba alimtoa Refa kwa kamba. Walipofika langoni, fahali akasimama, akageuza shingo, akaitazama nyumba. Alitazama kwa muda. Ngoma zikanyamaza, moja baada ya nyingine.

Kukhu, nyanya yangu mzaa baba, aliweka chini ungo wa maharagwe.

"Mrudishe, mwana wanje, mwanangu. Fahali akigeuka langoni anaaga. Harudi yeye, au harudi mzima anayemshika."

"Mama, ng'ombe ana shingo," baba mdogo Shivachi akasema. "Kazi ya shingo ni kugeuka."

Vijana wakacheka. Mmoja akapaza sauti, "Wenzake wanamngoja uwanjani, huyu anataka chai kwanza!"

Baba hakucheka. Nilimwona akiizungusha kamba tena kwenye kiganja chake, ndipo wakaondoka. Mimi na mama tulifuata nyuma, tukapita mashamba ya chai. Nilimwomba Mungu Refa akatae kwenda. Alikwenda vizuri tu.

Desturi ni kwamba mafahali wakishaonana, mshikaji huachilia kamba na kukimbilia pembeni. Baba alikuwa amefanya hivyo tangu ujana wake. Yule mwingine alipoingia uwanjani akichimba udongo kwa kwato, watu walianza kupiga kelele: "Wachilia! Wachilia sasa!" Baba hakuachilia. Refa aliruka mbele, kamba ikakaza, na nikamwona baba akiburutwa kwenye nyasi kama gunia.

Refa alishinda. Upande wetu hakuna aliyeshangilia. Baba alipelekwa hospitali mkono wake umefungwa kwa leso ya mama, na mfupa uliovunjika ulipopona ulipona upande. Hakukamua tena kwa mkono huo.

Aliporudi, Kukhu alikaa karibu naye akasema kwa sauti ndogo, "Nilisema."

"Ulisema, mama, na hiyo ndiyo sababu," baba mdogo akajibu. "Miaka yote kaka anaachilia kamba. Juzi ameishika kwa kuwa ulimwambia harudi."

"Basi si angebaki hapa na mikono yake yote?"

Baba akasema, "Niliogopa tu kumwacha Refa aende peke yake."

Kukhu na Shivachi wote wawili wameshatutoka. Nimewauliza waliobaki, na kila mmoja anathibitisha yaliyotokea. Kuhusu sababu, hakuna anayekubaliana na mwenzake. Kwa miaka mingi nilitaka mmoja awe amekosea. Siku hizi naona onyo lile lilikuwa la kweli na lilikuwa zito, na baba alilibeba kwenye kiganja kilekile alichopaswa kukifungua. Aliyempa mzigo huo ni mtu aliyempenda kuliko wote.

Sasa nakaa Shieywe, na kijana wangu anachezea timu ya mtaa. Jumamosi akitoka na viatu begani, maneno hunijaa kinywani: angalia goti, angalia barabara, usirudi na bodaboda ya mbio. Nayameza. Namuuliza kama amekula, halafu nasimama jikoni mpaka hatua zake zisisikike tena.