Alikuja kuomba 'kula', akapewa wadi

Ni Jumamosi saa moja asubuhi, na kisiagi cha Mzee Hiram Muigai kimeshaanza kunguruma kando ya barabara, mwendo mfupi kutoka mjini Kitale. Foleni ya ndoo, makarai na magunia imefika nje ya mlango. Ndani, mwanamke aliyejifunga kitambaa kichwani anamimina mahindi kwenye mdomo wa mashine, anasikiliza mlio, anapunguza kidogo, kisha anakinga unga wa kwanza kiganjani na kuusugua kwa kidole gumba. Nyusi zake ni nyeupe pe kwa unga.

"Mheshimiwa, yangu usisage laini sana, mzee wangu hapendi," anasema mama mmoja.

"Si angekuja kusaga mwenyewe," anajibu Mheshimiwa, na foleni nzima inaangua kicheko.

Huyo ndiye Nasike Wekoye, miaka arobaini na mmoja, mwakilishi wa wadi ya Kisima Kipya katika bunge la kaunti. Katikati ya wiki utamkuta amevaa suti, akibishana kuhusu bajeti. Jumamosi anarudi kwenye kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na miwili.

Wapo wanaosema hayo ni maonyesho tu ya wanasiasa. Mwandishi wa makala haya naye alifika na shaka hiyo. Lakini mkanda wa mashine ulipochomoka, Nasike aliurudisha mwenyewe bila kuita fundi, akafuta mikono kwenye leso na kuendelea. Shaka ikapungua.

"Mambo ya kuandika barua na kungoja kwa ofisi ni mingi," anasema. "Hapa mtu akingoja unga yake ananiambia shida yake yote. Unga ikiisha kutoka, shida nayo imeisha kutoka."

Nasike alizaliwa Myanga, kaunti ya Bungoma, akaolewa na fundi wa mawe aitwaye Levi, na wote wawili wakaja Kitale kutafuta riziki. Levi alijenga kuta za watu. Nasike akaajiriwa kwenye kisiagi kwa shilingi mia tatu na hamsini kwa siku.

Kazi ilikuwa na sharti moja gumu. Mahindi ya huku hukomaa kwa wingi, lakini mavuno yakikutana na mvua, watu hawana pa kuyakaushia. Huyatandaza kwenye turubai ukingoni mwa lami, malori yakipita sentimita chache kutoka hapo, na wingu likitanda, mji mzima hukimbia. Yasiyokauka huota ukungu, na ukungu huo ni sumu. Mzee Muigai alikataza kusaga mahindi ya namna hiyo. Kwa hiyo kila gunia lililofunguliwa, Nasike alichota konzi moja, akainusa.

"Nilikuwa narudisha watu nyumbani na mahindi yao," anakumbuka. "Unajua vile mtu anakuangalia? Kama wewe ndio umeozesha."

Msimu mmoja wa mvua nyingi alimrudisha mama aitwaye Jeruto, mjane mwenye watoto wanne. Jeruto hakuondoka. Alikaa juu ya gunia lake mpaka kisiagi kikafungwa, bila kulia wala kugombana. Nasike akamgawia unga wake mwenyewe, wakaachana barabarani.

Wadi ilikuwa imeahidiwa mashine ya kukausha mahindi katika kampeni mbili mfululizo. Hakuna aliyewahi kuiona, hata kivuli chake. Usiku huo Nasike alimwambia mumewe kwamba anataka kiti cha wadi.

"Nilimwambia, Mama Ian, hiyo kiti ni ya watu wako na gari," anasimulia Levi. "Akaniambia basi yeye ataenda na mguu."

Kutaka ni jambo moja, kujua pa kuanzia ni jambo jingine. Alianza kwa chama, kama watu wote. Ofisini mwa chama kimoja, ambacho hataki kukitaja, aliambiwa nafasi zimejaa, ingawa nusu ya viti vya kungojea vilikuwa vitupu. Ndipo karani wa tume ya uchaguzi akamweleza kwa upole kwamba anaweza kusimama kama mgombea huru, mradi apate sahihi za wapiga kura wa wadi ambao si wanachama wa chama chochote, na achague alama yake mwenyewe.

Wagombea wengine hutuma vijana nyumba kwa nyumba kutafuta sahihi. Nasike alikuwa na foleni ya kisiagi. Watu walikuja wenyewe, wakasimama, na hawakuwa na haraka kwa sababu unga wao ulikuwa bado.

Kwa alama alichagua mwiko wa kusongea ugali. Kiswahili nacho kina vituko: mwiko ni chombo, na mwiko ni jambo lisilofanywa. Wazee wawili watatu wakamwonya kwamba amejitafutia mkosi.

"Niliwaambia hakuna nyumba haina mwiko," anasema. "Hata yule ananichukia anashika mwiko yangu kila jioni."

Kampeni zilipoanza rasmi aliacha kazi, na Mzee Muigai akaweka mtu mwingine. Sasa nyumba ilitegemea vibarua vya Levi. Akishindwa, angekuwa amepoteza kazi na kuwapa watu cha kusema, na akina Jeruto wangeendelea kuanika mahindi kando ya malori.

Mkutano wake wa kwanza ulikuwa siku ya soko. Aliazima kipaza sauti kanisani, akapanda juu ya kreti la soda, akasalimia. Kisha akasema maneno aliyoyafanyia mazoezi wiki nzima.

"Watu wangu, mimi sina mengi. Nimekuja kuomba kula."

Soko zima lilipasuka kwa kicheko. Anayetoka Bungoma atajua kilichotokea kabla hajaelezwa: huko *l* na *r* hubadilishana viti mdomoni kama majirani wanaotembeleana, na kura ikawa kula. Kijana mmoja akauliza kama mama anataka chapati au githeri. Mwingine alikuwa ameshawasha simu, na kufikia jioni ile video ilikuwa imefika hadi Webuye.

Mpinzani wake mkuu, mfanyabiashara wa mbolea mwenye gari la vipaza sauti, hakuiacha bahati ile ipite. Kesho yake gari lilizunguka wadi nzima likitangaza kwamba kuna mwenzetu mmoja ana njaa, asaidiwe. Nasike akapata jina jipya: Mama Kula.

"Mimi najua kuandika hiyo neno. Ulimi ndio inakataa," anasema, na hata leo uso wake unabadilika kidogo. "Iliniuma. Walikuwa wanacheka kwetu, hawakuwa wanacheka neno."

Alijifungia nyumbani siku tatu akifanya mazoezi.

"Alikuwa anaosha vyombo akisema kura, kura, kura," anasema Levi. "Halafu chakula ikiiva ananiita: Levi, kuja kura."

Siku ya nne alikwenda kwa Mzee Muigai kuomba arudishiwe kazi yake. Alikuwa ameamua kujitoa. Mke wa mzee, Mama Nyaruai, alikuwa hapo hapo akimenya viazi na akasikia yote.

Hapa inafaa msomaji akumbuke jambo moja. Familia ya Muigai ilitoka Nyeri ikahamia huku zamani, na lugha yao ya nyumbani haina *l*. Ulimi wa Bungoma hugeuza kura kuwa kula. Ulimi wa Nyeri hugeuza kula kuwa kura. Wamekaa jirani miaka yote hiyo, kila mmoja akimcheka mwenzake kwa kosa lile lile lililogeuzwa ndani nje.

"Mimi nimeita watoto waje kura ugari miaka hamsini," Nyaruai alimwambia. "Kuna mtu amewahi kuniretea sanduku ya uchaguzi? Nasike, usiniretee mchezo. Kazi yako hapa haiko. Enda umarize ire umeanza."

Siku ya soko iliyofuata, mama huyo wa miaka sabini na kitu alifika mwenyewe, akaomba kipaza sauti. Walioanza kucheka mapema walinyamaza walipomwona ni nani.

"Huyu anaomba kura. Mimi kwangu napika cha kura," alisema. "Hii wadi kira mtu ako na shida ya mdomo wake. Rakini mahindi yetu inaoza bira kuuriza kabira. Basi mimi nasema hivi: tumpe kura, atupe kura."

Watu walilichambua lile neno. Kisha kicheko kikaanzia kwa wauza nyanya, kikaenda kwa wazee wa Kikalenjin waliokuwa upande wa ng'ombe, kikarudi kwa vijana wa bodaboda. Safari hii watu walikuwa wanajicheka wenyewe. Nasike akakipokea kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza hakuogopa ulimi wake.

"Na mimi nasema," alijibu, "nipeni kula, niwape kula."

Kuanzia hapo kampeni ilijiendesha. Watoto waliimba maneno hayo wakienda shule. Mke na mume wa makabila mawili waliyarushiana mezani. Gari la mpinzani lilikuwa limemtangaza hadi vijiji ambavyo mguu wake usingefika, na bila kumtoza petroli. Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wazee, na kwa mara moja methali hiyo ilitumika mahali pake.

Palibaki suala la mawakala wa kulinda kura vituoni. Hakuwa na pesa za kuwalipa. Wanawake wa foleni wakagawana vituo, kila mmoja na chupa yake ya chai.

"Mtu amezoea kuangalia debe yake ya mahindi isipungue kwa kisiagi," anasema Nasike, "huyo utamwibia kula namna gani?"

Siku moja baada ya uchaguzi wa Agosti 2022, mchana kweupe, msimamizi alisimama katika ukumbi wa shule na kumtangaza Nasike Wekoye mshindi kwa tofauti ya kura mia mbili na kitu. Waliosimama nje hawakusikia tarakimu, walisikia jina tu, na jina lilitosha. Miko ikaanza kugongwa kwenye masufuria, kwenye makarai, kwenye mageti ya watu. Mama Nyaruai, ambaye daktari alikuwa amemkataza kucheza kwa ajili ya goti, alicheza.

"Mimi nililia, bana, sitakuficha," anasema Levi. "Nilikaa kwa nyasi nikalia kama mtoto. Watu wakidhani tumeshindwa."

Furaha haikaushi mahindi. Mwaka wa kwanza bungeni aliambiwa bajeti imekwisha. Mwaka wa pili alisimama kila mradi wa kilimo ulipotajwa, mpaka wenzake wakaanza kumwita Mashine. Mashine ikaja. Leo iko chini ya paa la bati nyuma ya soko, na wakati wa mavuno yaliyopita ilifanya kazi kutwa kucha. Jeruto alikuwa kati ya wa kwanza kukausha. Alipoleta debe lake kisiagini Jumamosi moja, Nasike alichota konzi, akanusa, akamimina. Wanawake hao wawili wanasema hawajawahi kuizungumzia siku ile ya gunia, na hawaoni haja.

Si kwamba kila mtu ameridhika. Barabara ya upande wa mtoni bado ni matope, na kwenye foleni anaambiwa hivyo usoni. Lakini chama kile ambacho nafasi zake zilikuwa zimejaa sasa kinampigia simu.

"Niliwaambia napatikana Jumamosi," anasema. "Wapange laini kama wengine, na wasisahau mahindi."

Atasimama tena mwaka 2027, na hafichi. Ila mpango unaomkosesha usingizi hauko Kitale. Jumapili moja kila mwezi, baada ya ibada, husafiri hadi Bungoma na kutoka hapo kwa bodaboda hadi Myanga, ambako mdogo wake Nasambu, mwalimu wa chekechea, anataka kugombea wadi ya nyumbani. Wadi hiyo haijawahi kuchagua mwanamke.

Jumapili ambayo mwandishi huyu aliandamana naye, wanawake kama kumi na watano walikuwa wamekaa uani. Nasike aliwaeleza habari ya kuhakikisha kwamba umesajiliwa, ya kutafuta sahihi mapema, ya kuchagua alama ambayo bibi asiyesoma ataitambua. Kisha akamsimamisha mdogo wake aombe kura mbele yao, kwa mazoezi.

Nasambu alisema mengi, haraka haraka, akiangalia viatu vyake. Zahanati ya Myanga haina maji, alisema, wanaokwenda kujifungua hubeba mtungi wao. Atalishughulikia.

Mama yao mzazi, aliyekuwa kwenye kiti cha nyuma akichambua maharagwe, alikatiza.

"Wewe nimekuzaa, lakini kula yangu sijakupa," alisema. "Maji utaleta lini?"

Nasambu alimgeukia dada yake. Nasike alitazama kwingine, hakusaidia. Ikabidi binti huyo ainue macho, amtazame mama yake, na kujibu taratibu. Alitaja bajeti ya kwanza itakayopitishwa akiwa ndani. Alitaja mahali bomba litakapotolewa na urefu wake, jambo ambalo lilionyesha kwamba alikuwa ameshakwenda kulipima kwa miguu. Akasema mwezi. Akasema mwaka.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akakung'uta maganda kutoka mapajani, akanyoosha mkono kuelekea karatasi ya sahihi.

"Leta kalamu," akasema.