Neydi Alisuka Akiwa na Mimba

Neydi alikuwa hakai. Nyumba yetu ina viti viwili na bembea tatu za kulalia, lakini tangu tumbo lilipoanza kumtangulia mlangoni, mkwe wangu hakukalia kiti wala hakujilaza mchana. Alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia: anachungulia kona hii, anaiacha, anakwenda ile. Alipaka kuta chokaa. Ilipokauka akasema ina michirizi, akapaka tena. Aliyahamisha mafiga akayapeleka karibu na mlango wa nyuma ili moshi usimfikie mtoto, kesho yake akayarudisha kwa sababu upepo ulikuwa unauleta moshi uleule ndani.

"We mtoto," nikamwambia, "hayo mawe yamekukosea nini?"

"Mama, nikikaa ndiyo naumwa."

"Unaumwa wapi?"

"Sijui. Kila mahali. Niache nifagie."

"Fagia, fagia. Utatoboa ardhi utokee kwa wafu."

Watu wa kijiji chetu cha Chan Pich wanasema alisuka bembea ya mwanawe mwenyewe huku ana mimba, na wanalisema kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja ugonjwa. Ni kweli, alisuka. Mimi nilikuwepo na wao hawakuwepo, kwa hiyo mimi Librada Tuyub ndiye nitakayesema ilivyokuwa.

Neydi ni mke wa Wilberth, kitinda mimba wangu. Alitoka kijiji cha upande wa pili wa msitu, kwa watu wanaotarizi na wasiojua kusuka. Alilelewa na shangazi yake, kwa sababu mama yake alikufa akimzaa. Hilo hakuniambia yeye. Aliniambia shangazi siku ya posa, akaniomba nisiliguse, nami sikuligusa. Lakini nililijua, na kila nikimwona anafagia palipofagiwa nililikumbuka.

Vitu vya mtoto alivitengeneza kwa mkono wake. Alichukua magunia ya sukari akayachemsha na majivu mara nyingi mpaka yakawa laini kama sikio la mbwa, akayakata nepi. Alishona fulana ndogo zisizo na vifungo. Shingoni alitarizi maua, akayafumua, akatarizi ndege, ndege nao akawafumua akarudia maua. Alishona mkanda wa kufunga kitovu, mwembamba, mweupe, bila ua lolote, na huo peke yake hakuufumua. Vyote alivipanga kwenye kikapu akakitundika chini ya paa la makuti, kisha kila asubuhi akakiteremsha akavipanga upya. Wilberth alikuwa pwani kwenye ujenzi wa mahoteli, anarudi Jumamosi moja anaruka nyingine, na kila akirudi alikuta nyumba nyingine.

Bembea ilikuwa kazi yangu. Kwetu bembea ya mtoto wa kwanza husukwa na mama wa baba. Hainunuliwi, haiazimwi, na mwenye mimba haigusi. Akizishika zile nyuzi, ule uzi wa kitovu humzonga mtoto shingoni. Ndivyo tulivyoambiwa sote. Nami nimesuka tangu sijaota matiti, na hakuna aliyelalia kazi yangu akajikuta chini. Nikasimamisha fremu ya miti karibu na mlango penye mwanga, nikazungusha uzi wa pamba, nikaanza.

Kisha nikateleza kisimani. Bega la kulia likagoma. Mstari niliokuwa naumaliza wakati chapati moja ya mahindi inaiva, sasa chapati tatu zinaungua bado niko palepale. Jirani yangu Eustaquia akaja kusimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Shoga, nipe hiyo fremu nikusaidie. Mtoto atafika akute miti mitupu."

"Atakuta bembea."

"Ya mwaka gani?"

"Eustaquia, maharage yako yanaungua. Nayasikia hadi hapa."

Akaenda. Bembea ya mjukuu wangu iguswe na Eustaquia, mtu anayesuka kama anayefukuza nzi! Bora bega ling'oke.

Neydi sasa akawa anasimama nyuma yangu. Nazisikia pumzi zake kwenye shingo. Anaondoka, anaenda kulisha kuku ambao wameshakula, anarudi.

"Mama, mstari huu umelegea."

"Haujalegea. Unapumua."

"Na huu?"

"Neydi, nenda katarizi."

Siku moja nikaenda kusaga mahindi. Mkanda wa mashine ulikuwa umekatika, tukangoja mpaka kivuli kikatuhama. Niliporudi, bembea ilikuwa imeongezeka shibiri nzima. Mistari mipya ilikuwa imekazwa, imenyooka, mizuri. Neydi amesimama kando, mkono mmoja nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyeiba sukari.

"Nani alikuwa hapa?"

"Hakuna mtu, mama."

"Basi bembea imejisuka."

Akaitoa sindano yangu ya mti ya kusukia nyuma ya mgongo. "Nimejifunza kwa kukutazama, na mikono ilikuwa inaniwasha. Mtoto anakuja, na wewe bega linakuuma."

"Nani kakuambia linaniuma?"

"Maji unakunywa kwa mkono wa kushoto."

Nilimkaripia. Nilimkaripia sana, nikamwambia asisogelee tena ile fremu. Lakini ukuta wetu wa upande wa jirani ni wa fito tupu, na fito zina nafasi, na upande wa pili wa nafasi anaishi Eustaquia. Kabla jua halijazama foleni nzima ya mashine ya kusaga ilikuwa inajua.

Ndipo akaja doña Gumersinda, bibi mkunga wetu, kumkanda tumbo kama kawaida. Neydi akalala kwenye mkeka. Mikono ya Gumersinda ikaenda, ikarudi, ikasimama. Mkunga huyu huwa haachi kuongea akikanda, anakueleza habari za ng'ombe na za mapadri. Safari hii alinyamaza.

"Amekingama," akasema. "Kichwa huku, matako kule."

"Atageuka," nikasema.

"Labda. Nitamkanda tena. Mvua za kwanza zikija, naye atakuwa njiani. Asipogeuka, aende hospitali mjini Valladolid wakampasue. Mimi aliyekingama simpokei. Nilishampokea mmoja."

Hakusema yule mmoja aliishia wapi, na Neydi hakuuliza. Aliniangalia mimi, kisha akaiangalia fremu.

Eustaquia hakuchelewa. Alikuja na wanawake wawili nyuma yake, kwa sababu akiwa na la kusema hupenda kuwa na mashahidi.

"Ifumueni. Alipitisha uzi kukingama, na mtoto kakingama. Mnangoja nini?"

"Bembea haina fundo hata moja," nikamjibu. "Ni uzi unaopita na kurudi. Ungekuwa unajua kusuka ungelijua hilo."

"Mimi sijui kusuka?"

"Mumeo analala sakafuni kwa nini?"

"Kwa sababu ya joto!"

Wale wawili wakacheka wakiziba midomo. Eustaquia akaondoka amenuna, lakini neno lake lilibaki ndani ya nyumba. Siku zile mashamba yalikuwa yanachomwa, moshi umelala juu ya kijiji, jua jekundu toka asubuhi. Neydi akawa anatembea. Kutoka kisimani hadi langoni, langoni hadi barabarani, anarudi. Hali chakula. Nikimwekea uji wa mahindi anabeba kikombe mkononi huku anatembea, mpaka uji unapoa. Anasimama mbele ya fremu, anaondoka. Gumersinda akaja akamkanda mara ya pili. Kichwa huku, matako kule.

"Mama," Neydi akaniambia, "ifumue."

"Siifumui."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni nzuri."

Hiyo ndiyo iliyotoka mdomoni. Moyoni nilikuwa na nyingine. Nikiifumua kwa mkono wangu mimi mama mkwe, nitakuwa nimemwambia: ndiyo, wewe ndiye uliyemfunga mwanao. Mtoto akigeuka, Neydi atalibeba neno hilo. Akifa, atalibeba juu ya lile la mama yake, na mgongo wake ni mdogo. Sitasema kwamba mimi mwenyewe nilikuwa na hakika. Nami niliambiwa yaleyale nikiwa mtoto. Ila nilikuwa nimeshasema hapana, na hapana yangu huwa haina mlango wa nyuma.

"Uzi ni wako, mama," akapaza sauti, "lakini mtoto ni wangu!"

Alikuwa hajawahi kunipandishia sauti. Kuku walitoka nje. Tulitazamana, na niliona kwamba hatembei kwa uchungu wa mgongo wala wa miguu. Alikuwa anaikimbia ile fremu, na kila akikimbia anaikuta mlangoni.

Nikaichukua sindano ya mti nikamtia mkononi.

"Basi fumua mwenyewe. Anzia ulipoanzia. Nyuzi zangu usiziguse."

Akafumua. Mchana kweupe, jasho linamchuruzika, tumbo limeegemea mti wa fremu, uzi unarudi njia uliyojia. Hakukosea mstari hata mmoja. Aliijua mistari yake kama mtu anavyozijua nguo zake kwenye kamba ya jirani. Nilikaa kwenye kiti nikamwangalia, wala sikumsaidia. Alipomaliza mstari wa mwisho aliweka sindano chini, akatoka hivyohivyo, na lile tumbo na ule moshi, akaenda mwenyewe kumwita Gumersinda.

Mkunga akaja na unga wa mahindi hadi kwenye viwiko. Akanawa. Akakanda muda mrefu, macho amefumba.

"Vilevile," akasema.

"Vilevile vipi?"

"Kichwa huku, matako kule. Hajasogea hata kidole."

"Lakini nimefumua! Nimefumua yote!"

"Nimesikia. Yeye hajasikia."

Neydi akabaki amelala kwenye mkeka, anatazama makuti. Nilidhani atalia. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya tumbo, unapapasa pale kichwa kilipokuwa.

"Basi si mimi," akasema.

"Nani alisema ni wewe?"

"Wewe. Ulinikaripia."

"Nilikukaripia kwa sababu hukuomba ruhusa."

Akanigeukia kuona kama namtania. Simtanii mtu katika mambo ya kazi. Nikamwambia, "Inuka. Rudisha ulichofumua. Na ule mlango uache wazi."

"Mama, watu watasema."

"Wameshasema. Sasa waone."

Akasuka mlango wazi, akitazama barabara. Alikuwa bado hatulii: anasuka, anaenda kunywa maji, anarudi, anasuka, anakwenda kuchungulia wingu. Hofu ya kupasuliwa ilikuwepo, hiyo hakuna uzi wa kuiondoa. Lakini kula alikula. Eustaquia akapita na ndoo yake ya mahindi, akapunguza mwendo, akasimama kabisa.

"Neydi! Unafanya nini?"

"Nasuka, doña Eustaquia. Huoni?"

"Na hilo tumbo?"

"Tumbo halisuki. Linatazama tu."

Mimi nilikuwa ndani nageuza chapati. Niliunguza vidole kwa kucheka.

Jumamosi Wilberth akafika. Gumersinda akamkanda mara ya mwisho, akatikisa kichwa, na kesho yake alfajiri tukapanda gari la kuazima kwenda Valladolid, kikapu kikiwa kwenye mapaja yangu. Hospitalini wakamwingiza Neydi, sisi wakatuacha kwenye korido. Wilberth, mtu anayepanda jengo la ghorofa bila kushika kitu, alikaa chini akaficha uso katika magoti. Mimi nilikwenda na kurudi. Mlinzi akaniambia, "Bibi, kaa upumzike." Nikamwambia akae yeye.

Ni msichana. Walimtoa mzima, anapiga kelele, mweusi kwa hasira. Neydi alikuwa macho nyuma ya pazia la kitambaa wakati wanampasua, na alisikia kila kitu. Aliponiona hakuniambia habari za maumivu. Aliniambia, "Mama, ule uzi ulikuwa shingoni."

Nikamfunua mtoto shingo, nikaiangalia.

"Mzunguko mmoja," akasema. "Nilimsikia nesi. Wameutoa kwa kidole, kama mtu anavyovua mtandio. Nikamuuliza, nesi, hivi inatokea kila siku? Akasema, mama, hata leo asubuhi."

"Usiwaambie watu wa kijijini."

Alikuwa anamfunga mtoto ule mkanda wa kitovu, anaukaza, anaulegeza, anaukaza tena.

Tuliporudi, nilimalizia mistari iliyobaki kwa bega langu lilelile, Wilberth akafunga kamba. Alifunga juu mno, kama anajifungia mwenyewe, tukagombana, akashusha. Siku ile ile Eustaquia akaja na kuku wa supu, kwa sababu ulimi wake ni mbaya lakini mkono wake haujawahi kuja mtupu. Akakaa. Akauliza kidonda, akauliza maziwa. Kisha akalifikia lililomleta.

"Na kitovu? Hakikumzonga?"

Nilifungua mdomo niseme hapana. Neydi akaniwahi.

"Kilimzonga, doña Eustaquia. Shingoni, mzunguko mmoja."

Eustaquia akanitazama mimi, uso unamng'aa.

"Tena alikingama," Neydi akaendelea, sauti yake ya kawaida tu. "Nikafumua, akabaki amekingama. Nikasuka tena, akabaki amekingama. Huyu haambiwi. Sijui kafanana na nani kwenye nyumba hii."

Neydi akamlaza mtoto kwenye bembea, akashika ukingo, akaisukuma. Mtoto akalia. Akaisukuma upande mwingine, akalia zaidi. Eustaquia akainuka, akainama juu ya bembea, akamwangalia mtoto.

"Ana masikio makubwa," akasema.

Ni kweli, anayo.