Mzaramo Pekee wa Makanyagio

Nilitumwa Mpanda kumrudisha kaka yangu nyumbani. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya safari, sikuwa na nyingine. Baba yetu alifariki wakati wa masika, tukamzika Kisarawe bila mtoto wake wa kwanza, na mama hakukubali jambo hilo liishe hivyo. Alisema nyumba haiwezi kukaa bila mkubwa wake. Nilipomuuliza kwa nini mkubwa nisiwe mimi, alicheka kidogo. "Wewe mguu wako mmoja uko nje tangu ulipozaliwa," alisema, akaendelea kupeta mchele.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, serikali imesimamisha ajira, na siku zangu zilikwenda kwa kulala, kusoma magazeti ya zamani na kubishana. Hata matanga ya baba niliyapitia nikihoji: kwa nini arobaini, kwa nini isiwe hamsini? Sikulia. Watu waliliona hilo.

Kaka Shomari alikwenda Mpanda na kazi ya reli nikiwa bado mdogo shuleni. Kazi ikaisha, yeye akabaki huko, akaoa, akawa fundi baiskeli. Nilimkumbuka kama kijana mkimya ambaye akiitwa haitiki mpaka mara ya pili. Nilimwandalia maneno makali.

Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora nilikaa daraja la tatu, dirishani. Mbele yangu aliketi mama mmoja na wanawe. Kila walipofungua chakula alinikaribisha, na mimi nilisema nimeshiba. Sikuwa nimeshiba. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Baada ya Dodoma hakunikaribisha tena, nikabaki nikitazama nchi kavu ikipita na kusikiliza watu wa behewa zima wakiulizana habari za kwao kama ndugu waliopoteana. Mimi hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa nimefunua gazeti, na gazeti ni mlango uliofungwa.

Tabora nilibadilisha treni. Baada ya Kaliua reli inaacha njia kuu na kuingia porini, na pori hilo haliishi. Miombo kushoto, miombo kulia, mara moja moja mzinga wa nyuki wa gogo umening'inia juu ya mti kama mtu aliyesahau mzigo wake. Karibu na mto Ugalla mbung'o waliingia madirishani, behewa zima likawa linajipiga makofi. Jirani yangu, mzee wa Kikonongo, mwenyeji wa nchi hiyo, mwenye kofia ya pama, aliniuliza ninashukia wapi.

"Mwisho wa reli," nikasema.

"Mwisho?" Aligeuka akawaambia wenzake, "Nyie, huyu anasema Mpanda ni mwisho wa reli!" Kisha akanirudia. "Reli inaanzia Mpanda, bwana. Mwisho wake ni huko kwenu, ilipofika kwenye maji ikashindwa."

Walicheka wote. Nilitaka kumweleza reli ilijengwa kutoka upande gani, lakini nikaona hata nikishinda ubishi huo sitapata kitu.

Mpanda tulifika mchana. Nilishangaa kuona umati stesheni, nikadhani kuna kiongozi anapokewa. Kumbe siku ya treni mji mzima huja: wenye wageni na wasio na wageni, wanafunzi, wauza maandazi, Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao wakiwa na fimbo mabegani, wakulima kutoka Kakese na magunia ya mpunga. Wanakuja kuona nani amekuja. Mimi sikuwa nimemwarifu mtu, kwa hiyo nilishuka nikiwa na uhakika kwamba hakuna atakayenitazama.

Mwanamke mmoja mnene, mtu mzima, alisimama mbele yangu, akanitazama pua, kisha akanipokonya begi.

"Mtumwa wangu!" akapiga kelele. "Njooni muone, treni imeniletea mtumwa mwingine! Pua ile ile!"

"Mwizi!" nikapiga kelele na mimi.

Nchi hii mtu akiitiwa mwizi kwenye umati, huwa hakuna anayecheka. Pale stesheni walicheka mpaka muuza maandazi akaweka beseni chini. Mwanamke alijitwika begi langu kichwani akaanza kwenda, nami nikamfuata.

"Mama, rudisha begi langu."

"Kimya, Mzaramo. Kwenu nazi zinadondoka zenyewe, hamjui kubeba mzigo. Sisi Wanyamwezi tumebeba mizigo mpaka pwani, tukawakuta mmelala."

Hapo nikaelewa. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Chuoni niliwahi kujibu swali la mtihani kuhusu utani wa makabila, na nilipata alama nzuri. Niliandika kwamba ni desturi inayofifia.

Mwanamke huyo aliitwa Mama Kalunde, muuza asali sokoni. Alinifikisha mtaa wa Makanyagio, mpaka kwenye kibanda ambapo kaka yangu alikuwa amepindua baiskeli na kuzungusha gurudumu. "Shomari!" akamwita. "Chukua takataka yako." Kaka aliitika mara ya kwanza.

Alikuwa amenenepa. Alinishika kichwa kwa mikono yenye grisi.

Jioni hiyo nilimwambia nilichotumwa. Shemeji alikuwa akisonga ugali jikoni, nikaona mwiko ukisimama. Kaka alisema, "Tutaongea," akanitengea maji ya kuoga.

Siku zilizofuata hatukuongea. Alinitembeza. Nimeona miji mingi ya nchi hii ambayo watu wake wanaomba radhi kwa ajili yake, Mpanda hawaombi. Kaka alinionyesha soko kana kwamba amelijenga yeye. "Onja asali hii. Sasa niambie, ya Tabora ni asali?" Alinionyesha mpunga, karanga, samaki waliotoka ziwa Tanganyika. Nikamuuliza mbona umeme ni saa chache tu jioni. Akasema, "Kwani usiku unataka kuona nini?" Nikauliza mbona barabara ya Sumbawanga wakati wa mvua haipitiki. Akasema ndiyo maana wana treni. Nikauliza na reli ikikatika je? Akaangalia pembeni.

Kila tulipopita alitukanwa. Sina neno jingine. "Mzaramo, umeamka leo?" "Mzaramo, ngoma iko wapi, mbona kiuno kimetulia?" Naye, huyo kijana mkimya wa kwetu, alirudisha: "Pisha, mpagazi! Shingo imeingia ndani kwa mizigo!" Walimpenda, nililiona. Mimi nilitembea nyuma yake kidogo, nikijibu shikamoo za watoto, na sijawahi kujisikia mpweke kama nilivyojisikia kwenye mitaa ile iliyojaa vicheko ambavyo havikuwa vyangu.

Asubuhi moja, nikiwa nimeshaulizia siku ya treni ya kurudi, alikuja mtu kumwita kaka. Mzee Kapela amefariki. Huyo alikuwa Mnyamwezi mstaafu wa reli, mpeperusha bendera wa stesheni kwa miaka mingi. Kaka alifunga kibanda, akasema, "Twende. Mimi ndiye Mzaramo wa Makanyagio, hawawezi kuanza bila mimi. Mwingine tuliyekuwa naye alihama."

"Hawawezi kuanza nini?"

"Utaona."

Nyumbani kwa marehemu vilio vilikuwa vikubwa. Kaka aliingia ndani bila hodi, akatoka amevaa koti la kazi la marehemu na kofia yake, bendera ya kijani mkononi. Nilitaka ardhi inimeze. Aliwakamata kuku wawili wa mfiwa akasema ni nauli. Jeneza lilipotolewa alilala chali njiani.

"Haondoki mtu! Huyu alinisimamisha stesheni miaka yote. 'Subiri, Shomari, bado bendera.' Leo na yeye asubiri!"

Wabebaji walisimama na jeneza mabegani. Watu wakambembeleza, wakamwahidi jogoo. Akakataa, akataka na mtetea. Kisha aliinuka, akakunja mgongo kama mzee, akakohoa, akajifuta pua kwa mkono wa koti, akainua bendera taratibu sana, na mjane, aliyekuwa ameshikiliwa na wanawake huku na huku, alicheka. Alicheka na machozi yakimtoka, akasema, "Ndivyo alivyokuwa! Ndivyo hasa!" Ndipo wakampitisha marehemu.

Nilirudi kutoka makaburini nikiwa nimejaa sumu. Tulikaa nje ya nyumba ya kaka, na Mama Kalunde alikuja na chungu cha wali wa msibani. Sikumsubiri aondoke.

"Umeweza kuzika baba wa watu," nikamwambia kaka. "Wako ulimwachia nani?"

Shemeji aliingia ndani. Kaka alifuta mikono kwenye suruali, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Simu ya maandishi ilifika wakati maji yamebeba tuta la reli huko mbele," alisema. "Barabara nayo haikuwepo. Nilikwenda stesheni kila siku. Siku treni ilipokuja, ninyi mlikuwa mmeshamaliza arobaini."

"Ungekuja hata baada ya arobaini."

"Nije kumtazama nani? Hapa nilimlilia. Usifikiri sikumlilia."

"Peke yako?"

"Peke yake wapi!" Mama Kalunde akadakia. "Tulivamia nyumba hii, tukala kuku wote, tukavaa suruali zake. Mke wake alitaka kunipiga. Baba wa mtani wetu afe halafu tukae kimya? Mimi ndiye niliyekuwa marehemu!"

"Hukumjua baba yangu," nikasema.

"Sikumjua. Nilimuuliza huyu hapa, baba yako alikuwa anatembeaje?"

Aliweka chungu chini, akakaza khanga, akaweka mikono nyuma. Akaanza kutembea uwanjani akiburuta kisigino cha kushoto. Alifika mbele ya nyumba ya jirani, akasimama, akainua kidevu, akaliangalia paa la watu kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa, akaendelea na safari.

Baba yangu alikuwa fundi wa kuezeka makuti. Hakuwahi kupita nyumba ya mtu bila kulisikitikia paa.

Kwanza nilicheka. Kisha kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, nikainamisha kichwa katikati ya magoti, na vilio nilivyokuwa navyo tangu masika vikatoka kwa sauti mbaya kama ya mbuzi. Kaka alinishika bega. Mama Kalunde alisimama juu yangu akasema, "Haya, mtumwa analia. Wazaramo bwana, hata kulia mnalia kwa zamu." Lakini hakuondoka mpaka nilipomaliza.

Siku ya treni kaka alinisindikiza. Sikumuuliza tena kama atarudi, naye hakunipa sababu. Umati ulikuwa pale pale. Wakati treni inaanza kutembea mtu mmoja alipaza sauti, "Mzaramo mdogo, usije ukasinzia ukapitiliza mpaka baharini!" Nikatafuta cha kumjibu. Nilikipata treni ilipokwisha kuingia porini.

Njiani kurudi nilikula kila nilichokaribishwa, hata nisichokipenda. Kwenye dirisha pori lilikuwa lile lile. Nilikuwa nikidhani mtu hukaa mahali kwa sababu ya anachokipata pale, na kama hakuna cha kupata basi ni mjinga au amekwama. Kaka anakaa Mpanda kwa sababu kuna kazi pale isiyo na mshahara ambayo akiondoka hakuna wa kuifanya. Nilijaribu kutafuta kazi ya namna hiyo ambayo ni yangu, popote. Tulifika Tabora, tukapita Manyoni, sijaipata.

Kisarawe nilimkuta mama uani. Aliangalia nyuma yangu, njiani, kisha akaniangalia mimi.

"Yuko wapi?"

Nilimweleza. Nilidhani atalia au atanilaumu. Alisikiliza mpaka nilipofika kwa Mama Kalunde na paa la jirani, akainua mkono kunisimamisha.

"Alisikitika? Na kichwa akatikisa?"

"Akatikisa."

Mama alifunika uso kwa khanga, mabega yakimtikisika, na sikuweza kujua ni kicheko au ni kilio. Alipofunua akauliza, "Na kukohoa je? Nani amemwonyesha baba yenu alivyokuwa akikohoa kabla ya kuingia ndani? Shomari hawezi kujua hiyo, kikohozi kilianza yeye ameshaondoka." Alifikiri kidogo. "Hiyo treni ya huko inabadilishiwa wapi?"

Aliondoka wiki ile ile, na khanga mpya kwa mkwewe, na kikapu cha nazi za kumpelekea Mama Kalunde, ili amtukane mtani wake vizuri. Mimi nilibaki kulinda nyumba. Nilifagia uwanja, nikachota maji, nikakaa barazani bila gazeti.

Jioni alipita jirani yetu, akasimama njiani.

"Hodi. Mama yupo?"

"Hayupo, amesafiri. Nipo mimi."

"Haya," alisema, akiwa ameshaanza kuondoka. "Basi nitakuja akirudi."