Betri ya Baba

Juzi asubuhi nilikuwa nasubiri basi Braamfontein, mikono nimeificha kwapani kwa baridi, likapita gari moja la dizeli, kuukuu, likiacha moshi unaonuka maandazi. Sisemi harufu ya kufanana na maandazi. Maandazi hasa, kama yanavyonuka yakitolewa kwenye karai. Watu kwenye foleni wakacheka, mmoja akauliza nani ana chai. Mimi nikaliacha basi langu liende, maana macho yalishanijaa na sikutaka kupanda katika hali ile.

Nawaandikia haya nikijua sikusoma sana. Niliishia gredi ya saba, na Kiswahili changu ni cha Tanga kilichokaa Johannesburg miaka mingi, kina matobo. Tena wakati wenyewe nilikuwa mtoto. Mahali nisipokuwa na hakika nitawaambia sina hakika, ili nisimwonee mtu.

Tulikaa Diepsloot, mtaa wa mabanda nje ya Johannesburg, kwenye chumba cha mabati nyuma ya spaza, kile kiduka cha mtaani kinachouza mkate na sukari ya kupima. Mama alikaanga maandazi na kachori, akiwauzia wanaowahi teksi za kwenda kazini. Baba alikuwa na pikapu ya dizeli, ya zamani kuliko mimi, akiwabebea watu vitanda na makabati yao wanapohama. Mlango wa upande wangu ulifungwa kwa waya. Nilipoingia, Baba alikuwa akisema, "Funga mkanda," na mkanda haukuwepo, na kila mara tulicheka.

Wazo la mafuta lilikuwa la Mama. Nataka hili lijulikane mapema, si kwa kumlaumu, ila ndivyo ilivyokuwa. Siku moja alikuwa anataka kumwaga mafuta yaliyokwisha kukaangia, akasimama na sufuria mlangoni. "Mafuta mazima haya tunamwaga," akasema, "na wewe kutwa kulia dizeli, dizeli." Baba akacheka, halafu akasema kwao Tanga madereva wa malori walikuwa wakichanganya hivyo na magari yakaenda hadi Arusha. Basi tangu hapo kila Jumamosi Mama aliyachuja mafuta kwa kipande cha kanga, na Baba akayatia kwenye tangi juu ya dizeli. Pikapu haikulalamika. Majira yote ya joto ilikwenda vizuri, tena Baba alidai injini imetulia.

Jirani yetu Papa Kasongo, mtu wa Lubumbashi aliyekuwa mlinzi kwenye maghala, hakuacha kututania. "Baba Zuhura," alimwambia Baba, "gari yako ikipita, miye nasikia njaa. Utanibeba, ao utaniuzia beignet?" Beignet ndiyo maandazi kwa Wakongo. Baba alimjibu apande nyuma, ila asilambe bomba la moshi.

Kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu alikifikiria ni baridi. Tanga hakuna kinachoganda ila kimetiwa kwenye friji. Baba alijua mafuta ya nazi ya Mama ya nywele yalikuwa yakiganda chupani majira ya baridi ya huku, sote tulijua, tulikuwa tunaikalia chupa ili yayeyuke. Lakini nywele ni nywele na gari ni gari. Hatukuviweka pamoja.

Mdogo wangu Salim alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Alianza kwa kikohozi. Kliniki walimpa dawa ya maji na wakamwambia Mama akizidiwa amrudishe, kwa hiyo sisemi hawakufanya kazi yao. Alizidiwa usiku. Kulipokaribia kupambazuka alikuwa anahema haraka kama mtu aliyekimbia, na chini ya mbavu ngozi ilikuwa ikiingia ndani na kutoka. Mama alikuwa amempaka mafuta ya karafuu kifuani, amemfunga kanga mbili na sweta langu. Baba alipiga simu ya gari la wagonjwa. Wakasema tusubiri. Tukasubiri hadi Baba akasimama mwenyewe akachukua funguo. Siwalaumu sana na hao, maana mtaa wetu madereva wao walishawahi kuporwa. Lakini nakumbuka tulivyosubiri.

Nje majani yalikuwa meupe kwa barafu. Kioo cha pikapu kilikuwa na ukoko, Baba akaukwangua kwa kifuniko cha ndoo. Alipopiga stata, injini ilizunguka kwa uzito, ngo, ngo, ngo, ikanyamaza. Akasubiri ile taa ndogo ya kupasha injini izimike, akapiga tena. Papa Kasongo, aliyekuwa ndiyo anarudi kutoka lindoni, hata koti hajavua, akaenda kuleta jiko lake la bati lenye makaa akaliweka chini ya injini. Kisha akasukuma yeye na vijana wawili wa spaza. Pikapu ikakohoa, ikawaka, moshi ukatanda uchochoro mzima. Papa akarukia nyuma, akisema akiachwa nani atasukuma njiani.

Tukaenda. Mama alikuwa katikati na Salim kifuani, mimi pembeni nimeshika miguu ya mtoto chini ya gauni langu ili ipate joto. Ilikuwa baridi kama vijiko. Tulipita robot ya kwanza, zile taa za barabarani, tukaingia barabara kubwa, na Baba akaanza kusema, "Twende, mama, twende." Mwanzoni nilidhani anasema na Mama. Alikuwa anasema na gari. Lilikuwa linapungua nguvu huku mguu wake umekanyaga hadi mwisho. Likatetemeka, likazimika.

Baba akashuka, akafungua boneti. Akapampu kile kipampu cha mkono cha kuvuta dizeli, akapiga stata, likawaka, tukasogea kidogo sana, likazimika tena. Papa Kasongo akashuka nyuma akipuliza vidole.

"Ni mupepo njo iliingia mu tiyo," akasema, yaani hewa imeingia kwenye mpira wa dizeli.

"Si hewa. Nimekaza mwenyewe jana."

"Basi fungua tuone, Baba Zuhura. Mutoto anaumwa, usibishane na miye."

Mama akaniambia nishuke ili amlaze Salim kwenye kiti, labda atapumua vizuri. Ndiyo sababu nilikuwa nje. Nikaenda kusimama karibu na injini kwa sababu ya joto lake, na Baba hakunifukuza, alikuwa ameshasahau kama nipo. Alilegeza filta ya dizeli, akaitoa, akaigeuza.

Ndani yake kulikuwa kumejaa kitu cheupe, kizito, kama samli iliyolala. Baba akakitia kidole. Kidole kilitoka na donge. Akalinusa. Hata mimi niliisikia ile harufu, ya iliki, hafifu. Papa Kasongo aliangalia filta, akamwangalia Baba, kisha akageuza uso akatazama barabara.

"Nini hiyo?" Mama aliuliza kutoka ndani. Boneti ilikuwa imemkinga, hakuona. "Baba Zuhura, nini imeharibika?"

 Baba akajipangusa kidole kwenye suruali.

"Betri," akasema. "Betri imekufa."

"Ndiyo, Mama," Papa Kasongo akaitikia. "Betri."

Niliwaona wote wawili wakisema uongo, watu wazima, mbele ya gari lililofunguliwa. Sikuelewa kitu.

Baba akasimama katikati ya barabara akapunga mikono. Magari yalimkwepa. Leo nikiona wanaume wawili kando ya njia alfajiri na gari bovu, na mimi sisimami, kwa hiyo nawaelewa. Mwishowe mama mmoja mwenye gari dogo akasimama mbele kidogo, akateremsha kioo nusu, akasema atamchukua mama na mtoto peke yao. Baba akasema asante mara nyingi. Mama akapanda na Salim, hakutazama nyuma, na Baba akabaki ameshika kanga moja iliyodondoka.

Jua lilipopanda, Papa Kasongo akaiweka filta juu ya boneti ikiota jua, kama mtu anayeanika samaki. Ile samli ikalainika, ikawa mafuta. Baba akaipuliza, akaisuuza kwa dizeli kidogo aliyoipata kwenye dumu, akaifunga, akapampu. Pikapu ikawaka kwa stata moja, betri ileile, ikanguruma kana kwamba hakuna kilichotokea.

Tulipofika hospitali Mama alikuwa amekaa kwenye benchi nje. Mikononi hakuwa na mtoto. Daktari alishamwambia nimonia, na kwamba mtoto alifika amechoka mno. Baba aliuliza kama tungewahi ingekuwaje. Daktari alisema hawezi kujua. Naliandika jibu lake kama lilivyo, sipunguzi wala siongezi.

Mama aliitazama pikapu. Injini ilikuwa inaendelea kunguruma, Baba aliogopa kuizima.

"Limewakaje?"

"Kuna mtu alituazima betri yake."

Salim alizikwa siku ileile kabla ya magharibi. Papa Kasongo hakujua kama Mkristo anaruhusiwa kuingia, akabaki kwenye uzio wa makaburi na kofia yake ya ulinzi mkononi. Ndugu yake Mama, Mjomba Hamadi, alikuja kutoka mtaa wa Observatory na gari lililojaa waombolezaji, na mbele yao wote akasema, "Shemeji, mtoto anakufa kwa ajili ya betri? Betri?" Baba akajibu, "Ndiyo, shemeji. Nilizembea." Hakuongeza neno. Msibani walilisema, na kwenye harusi za watu miaka iliyofuata walilisema, kwa kunong'ona lakini si sana. Yule aliyeshindwa kununua betri.

Nilimchukia Baba. Niliamini anaficha kosa lake la kutia mafuta ya jikoni kwenye gari, anatafuta kosa jingine dogo la kuvaa. Na mambo aliyoyafanya baadaye yalinizidishia. Alinunua betri mpya, akaifunga mbele ya Mama, mchana kweupe. Ile ya zamani akampa Papa Kasongo, na Papa akawashia taa na redio chumbani kwake mpaka sisi tunahama Diepsloot bado inawaka. Kisha Mama aliporudi kukaanga, Baba aliendelea kumdai mafuta kila Jumamosi kama kawaida. "Mafuta yangu yako wapi, Mama Zuhura?" Mama anachuja, Baba anabeba ndoo anatoka. Siku moja nilitumwa kutupa takataka nikamkuta kule nyuma kwenye nyasi, anayamwaga. Alikuwa anayamwaga polepole, ameinama. Tangini alikuwa anatia dizeli tupu.

Nilijiuliza, mtu mwenye akili timamu anaomba kitu ili akakimwage? Ilinichukua miaka mingi. Hata nilipozaa mimi mwenyewe sikuelewa mara moja. Nilielewa siku mwanangu wa kwanza alipoungua chai niliyoiacha mimi pembeni ya meza, na mume wangu, aliyekuwa chumba kingine kabisa, akawaambia watu ni yeye aliyeiacha. Angeacha kudai mafuta baada ya ule msiba, Mama angeuliza kwa nini.

Sijui kama nina haki ya kuyasema haya hapa. Mama hasomi maandishi, macho yake yamekwisha, na nimebadilisha majina. Baba alishafariki. Mama anakaa na mimi, na mwezi uliopita tulikuwa tunachambua mchele, yeye kwa vidole tu, akasema bila mimi kuuliza kitu:

"Baba yako alikuwa mtu mwema. Hakuwahi kuninyanyulia sauti. Ila ile betri, Zuhura. Nimejaribu, nimeshindwa kumsamehe."

Maneno yalinifika hadi mdomoni. Ilikuwa ni kusema tu, Mama, haikuwa betri, na Baba angetoka msafi mbele ya mtu aliyempenda kuliko wote. Nikaitazama mikono yake ikitafuta mawe kwenye mchele. Sina hakika kama hajui. Aliyaona mafuta yakiganda kwenye sufuria kila asubuhi ya baridi, na si mjinga. Lakini kama hajui, basi kumsafisha Baba ilikuwa ni kumkabidhi yeye lile kosa.

"Kweli, Mama," nikasema. "Angeinunua mapema."